Dripu Salama: Umahiri Usioishia Kwenye Sindano

Katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania, kazi ya kuweka dripu huwaangukia zaidi watumishi wa ngazi za chini na za kati: matabibu wasaidizi, matabibu, na wauguzi wenye cheti au stashahada. Hao ndio wanaokuwapo usiku, daktari akiwa hospitali ya wilaya na gari la wagonjwa likiwa bado njiani. Hao ndio wanaotafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji mwilini, huku mama yake amesimama kando akisubiri. Sindano inapoingia na damu ikaonekana ndani ya kanula, wote waliopo hushusha pumzi, kana kwamba sehemu ngumu imekwisha kupita.

Mafunzo ya tiba ya mishipani nayo, kwa muda mrefu, yameegemea papo hapo. Mwanafunzi husifiwa kwa wepesi wa mkono. Anayepata mshipa kwa mara ya kwanza huhesabiwa amefuzu, na anayekosa mara mbili huonekana bado mchanga. Wepesi wa mkono ni jambo la lazima, wala hakuna anayeudharau. Hata hivyo, mambo mengi yanayoamua kama dripu itaokoa au itadhuru hutokea kabla sindano haijagusa ngozi na baada ya plasta kubandikwa. Je, mgonjwa huyu anahitaji maji ya mshipani? Maji ya aina gani, kiasi gani, na kwa kasi gani? Nani atarudi kumwangalia, na baada ya dakika ngapi? Mtumishi asiyeweza kujibu maswali hayo bado hajajifunza kuweka dripu, hata kama mkono wake haukosei mshipa kamwe.

Fundisho la mwaka 1832

Historia ya tiba hii yenyewe inatoa ushahidi. Mwaka 1832 kipindupindu kilikuwa kikiua watu wengi Uingereza na Uskoti. Daktari Thomas Latta, aliyefanya kazi Leith karibu na Edinburgh, aliamua kurudisha maji na chumvi moja kwa moja kwenye damu ya wagonjwa waliokuwa mahututi. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke mzee ambaye tiba nyingine zote zilikuwa zimeshindwa kumsaidia. Latta alimtia maji ya chumvi kidogo kidogo mshipani, akimtazama kwa makini. Baada ya painti 6, yaani zaidi ya lita 3, mapigo ya moyo yalirudi, uso ukapata uhai, na mwanamke yule akaonekana kama aliyetoka kaburini.

Kisha daktari aliondoka, akamwacha mgonjwa mikononi mwa tabibu wa hospitali. Kutapika na kuhara vilirejea. Hakuna aliyeanza upya kumtia maji, na saa chache baadaye mwanamke yule alifariki. Latta mwenyewe aliandika katika jarida la Lancet kwamba hakuwa na shaka mgonjwa angepona iwapo tiba ingerudiwa.

Hivyo basi, katika miongo ya mwanzo kabisa ya tiba hii, mshipa ulipatikana, maji yalifaa, na kiasi kilitosha kwa saa ile. Kilichokosekana ni uangalizi. Karibu karne mbili zimepita, na kanula za plastiki zimechukua nafasi ya mirija ya fedha, lakini mapungufu yanayoua wagonjwa yanafanana sana na yale ya Leith.

Swali la kwanza: je, dripu inahitajika?

Wagonjwa wengi hufika kituoni wakiwa wameshaamua tiba. "Naomba unitundikie maji" ni ombi linalosikika kila siku, hasa kwa mtu aliyechoka, aliyepoteza hamu ya kula au aliyetoka kuugua homa. Imani hiyo haikuzuka hewani. Kwa miaka mingi malaria kali ilitibiwa kwa kwinini iliyochanganywa na maji ya glukosi na kudondoshwa mshipani kwa saa nne, kila baada ya saa nane. Watu waliwaona ndugu zao wakipelekwa wakiwa hawajitambui na kurudi nyumbani kwa miguu yao. Kilichoponya kilikuwa dawa iliyokuwamo ndani ya chupa, lakini kilichoonekana kwa macho kilikuwa chupa yenyewe.

Leo dawa ya kwanza kwa malaria kali ni artesuneti ya sindano. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010 na kuwahusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopata artesuneti na asilimia 10.9 kwa waliopata kwinini. Artesuneti huchomwa kwa muda mfupi kwenye mshipa au kwenye msuli. Haihitaji chupa kutundikwa kwa saa nne. Kwa hiyo mgonjwa wa malaria kali ambaye hakutundikiwa chupa hajanyimwa tiba bora.

Ni vema pia mtumishi aweze kumweleza mgonjwa kilichomo ndani ya chupa. Nusu lita ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ina gramu 4.5 za chumvi, na hakuna chakula chochote ndani yake. Nusu lita ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, sawa na vijiko sita hivi vya chai. Mtu anayeweza kumeza atapata nguvu zaidi kwa bakuli la uji wa maziwa kuliko kwa chupa hiyo, na uji hautamwachia tundu kwenye mshipa ambalo vijidudu vinaweza kupitia.

Hata katika kuhara, ambako maji ndiyo tiba yenyewe, kinywa kina nafasi kubwa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, wakimbizi walifurika Bongaon nchini India na kipindupindu kikazuka kambini. Chupa za maji ya mshipani zilipokaribia kwisha, Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake waliwanywesha wagonjwa maji yaliyochanganywa na glukosi na chumvi kwa vipimo maalumu. Vifo miongoni mwa waliotibiwa hivyo vilishuka hadi chini ya 4 kwa kila wagonjwa 100. Huko ndiko mchanganyiko ambao leo unapatikana kwenye pakiti za ORS ulikothibitika mbele ya umati. Dripu hubaki kwa mgonjwa aliyepungukiwa maji kupita kiasi, aliyezimia, asiyeweza kunywa, au anayetapika kila anachokunywa.

Maji nayo yana sumu yake

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba maji ya mshipani, yasipofaa, angalau hayadhuru. Imani hiyo ilivunjwa na utafiti uliofanyika hapa hapa Afrika Mashariki. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland, ulifanyika katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na Teule, Muheza, mkoani Tanga. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu waligawanywa katika makundi matatu. Mawili yalipewa maji mengi kwa haraka, moja maji ya chumvi na jingine albumini. La tatu lilipata maji ya kawaida ya kuendeshea mwili tu, bila kuharakishwa.

Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi ya watoto iliyokusudiwa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Ndani ya saa 48, waliofariki walikuwa asilimia 10.6 katika kundi la albumini, asilimia 10.5 katika kundi la maji ya chumvi, na asilimia 7.3 katika kundi ambalo halikuharakishiwa maji. Yaani katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji kwa haraka, watatu zaidi walikufa. Hospitali zile zilikuwa na watumishi waliofunzwa na uangalizi wa karibu kuliko ilivyo katika wodi nyingi. Kwa hiyo madhara hayawezi kuelezwa kwa uzembe.

Matokeo hayo yanapaswa kusomwa kwa uangalifu. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuwa sehemu ya kundi hilo. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa sababu ya kuhara bado anahitaji maji, tena bila kuchelewa. Mtoto mwenye homa, anayehema kwa shida, mwenye mikono ya baridi na upungufu wa damu, huenda akazamishwa na maji yale yale. Kwa macho ya haraka wawili hawa hufanana: wote wamelegea, wote mapigo yao yanakwenda mbio. Kumtofautisha mmoja na mwingine ndio utabibu wenyewe, na hakuna mkono mwepesi unaoweza kuchukua nafasi yake.

Kundi jingine la kuogopewa ni wajawazito wenye shinikizo kubwa la damu na dalili za kifafa cha mimba. Mishipa yao huvujisha maji kwa urahisi, na chupa mbili zilizoachiwa zitiririke zaweza kuujaza mapafu maji. Wenye ugonjwa wa moyo, wenye figo zilizoshindwa kazi, wazee na watoto wenye utapiamlo mkali nao huhitaji tahadhari ya namna hiyo.

Hesabu ya matone

Katika vituo visivyo na pampu za umeme, kasi ya dripu hupimwa kwa macho na saa. Kanuni yake ni fupi: zidisha mililita zinazotakiwa kwa idadi ya matone yanayounda mililita moja, kisha gawanya kwa dakika zilizopangwa. Idadi ya matone kwa mililita huandikwa kwenye pakiti ya mpira wa dripu. Mipira mingi ya watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita. Mipira ya watoto wachanga hutoa matone madogo 60.

Mfano unasaidia. Mtoto wa miezi 7 mwenye kilo 6, asiye na utapiamlo, ameishiwa maji kabisa kwa kuhara. Kwa mujibu wa mpango C wa Shirika la Afya Duniani, anahitaji mililita 100 kwa kila kilo: mililita 30 kwa kilo katika saa ya kwanza na mililita 70 kwa kilo katika saa 5 zinazofuata. Hiyo ni mililita 180, kisha mililita 420. Kwa mpira wa matone 20, kasi ni matone 60 kwa dakika katika saa ya kwanza, halafu matone 28 kwa dakika. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja au zaidi, kiasi kwa kilo ni kile kile lakini muda ni mfupi: dakika 30 za mwanzo, kisha saa mbili na nusu.

Sasa mtumishi akosee mpira. Amepiga hesabu ya awamu ya pili kwa mpira wa matone 60, akapata matone 84 kwa dakika, lakini mkononi ameshika mpira wa matone 20. Mtoto atapokea mililita 252 kwa saa badala ya 84. Maji ya saa 5 yataisha kwa saa 1 na dakika 40, na hakuna king'ora kitakacholia. Kosa la kinyume chake humwacha mtoto akipata theluthi ya maji anayohitaji, wakati kila mtu wodini anaamini anatibiwa.

Ndiyo maana katika mafunzo mazuri hesabu hufanywa kwa maandishi, husomwa kwa sauti, na huthibitishwa na mtu wa pili. Ukanda wa plasta hubandikwa ubavuni mwa chupa na kuandikwa saa, ili yeyote anayepita aone kama maji yamefika yalipotakiwa kufika. Mtoto mdogo hatundikiwi chupa kubwa iliyojaa bila kizuizi. Kiasi kinachozidi mahitaji yake hupunguzwa mapema, au hutumika kichupa maalumu chenye vipimo.

Aina ya maji nayo ni sehemu ya hesabu. Kwa kuhara, Ringer Lactate ndiyo inayopendelewa, na maji ya chumvi ya asilimia 0.9 hufuata. Glukosi ya asilimia 5 peke yake haitibu upungufu wa maji wa kuhara, kwa kuwa haina chumvi iliyopotea. Dawa ya seftriaksoni haichanganywi na Ringer Lactate, kwa sababu kalsiamu iliyomo huweza kugandana na dawa hiyo. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto mchanga. Potasiamu kloridi iliyokolea haisukumwi kamwe moja kwa moja mshipani: huweza kusimamisha moyo. Chupa zake hazipaswi kukaa rafu moja na maji ya kusafishia kanula.

Mikono, ngozi na kanula

Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu kuzuia maambukizi yatokanayo na kanula za mishipa ya pembezoni. Kutolewa kwake kunakumbusha kwamba kifaa kinachoonekana kidogo na cha kawaida kuliko vyote wodini ni mlango ulio wazi kuelekea kwenye damu.

Mlango huo hulindwa kwanza kwa mikono. Kusugua mikono kwa dawa yenye alikoholi huchukua sekunde 20 hadi 30; kunawa kwa sabuni na maji huchukua sekunde 40 hadi 60. Glavu humkinga mtumishi, lakini hazichukui nafasi ya kunawa. Ngozi husafishwa kwa alikoholi ya asilimia 70 au klorheksidini yenye alikoholi, kisha huachwa ikauke yenyewe. Kupuliza kwa mdomo ili ikauke haraka, au kuugusa tena mshipa kwa kidole baada ya kusafisha, hubatilisha kazi yote iliyotangulia.

Ukubwa wa kanula hutambulika kwa rangi: ya chungwa ni namba 14, ya kijivu 16, ya kijani 18, ya waridi 20, ya bluu 22 na ya njano 24. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji kanula nene, ya kijivu au ya kijani, ikiwezekana mbili. Mtoto mchanga hutosheka na ya njano. Kwa matibabu mengine kanuni ni kuchagua iliyo ndogo zaidi inayotosheleza kazi, na kuanza na mishipa ya mkono iliyo mbali na kiwiko, mahali pasipokunjwa.

Utepe wa kufunga mkono hulegezwa mara tu mshipa unapopatikana. Katika vituo vingi glavu hutumika kama utepe, na ikifunikwa na nguo ya mtoto husahaulika kwa urahisi. Mkono uliofungwa kwa saa nyingi unaweza kupotea. Mtumishi akikosa mara mbili, amwite mwenzake. Mtoto aliyekaukiwa maji akikosa mshipa, na hakuna kituo kingine kinachoweza kumwekea dripu ndani ya dakika 30, maji ya ORS huanza kupitishwa kwa mpira wa puani, iwapo mtumishi amefunzwa kufanya hivyo.

Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko. Huingia moja kwa moja kwenye boksi la vifaa vyenye ncha kali, ambalo huwekwa kando ya kitanda kabla kazi haijaanza. Mtumishi akijichoma, huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kulikamua, hutoa taarifa mara moja, na hupimwa ili aanze dawa za kinga dhidi ya VVU mapema iwezekanavyo, wala si baada ya saa 72. Kituo kinachomgombeza aliyejichoma humfundisha mwingine kuficha.

Baada ya plasta kubandikwa

Saa moja baada ya dripu kuanza ndipo umahiri wa kweli hupimwa. Kwa mtoto aliyekaukiwa maji, mapigo ya mkono huangaliwa kila dakika 15 hadi 30 mpaka yawe na nguvu. Baadaye hali yake hupimwa upya angalau kila saa. Anapoweza kunywa, ORS huanza hata kama dripu bado inaendelea. Kope zikianza kuvimba, akianza kuhema haraka kuliko mwanzo, akikohoa au mapafu yakitoa mlio wa maji, dripu husimamishwa kwanza, na maswali hufuata.

Mahali pa kanula nako hutazamwa katika kila zamu. Uvimbe wenye ubaridi huashiria kwamba maji yametoka nje ya mshipa. Wekundu, joto na maumivu huashiria mshipa unaoungua au maambukizi. Katika hali zote hizo kanula hutolewa. Haivumiliwi kwa sababu tu kupata mshipa mwingine ni kazi. Tarehe na saa ya kuwekwa huandikwa juu ya plasta, na kila siku huulizwa swali moja: bado inahitajika? Kanula isiyo na kazi haiachwi "kwa tahadhari".

Yote hayo huandikwa. Karatasi ya maji inayoonyesha kilichoingia, kasi yake, mkojo uliotoka na jina la aliyeangalia ndiyo inayomwezesha mtumishi wa zamu ya usiku kuendelea pale alipoishia wa mchana. Mgonjwa wa Leith hakukosa tabibu kando yake. Alikosa mtu aliyejua la kufanya pindi hali ilipobadilika.

Namna ya kufundisha

Mtaala unaofuata mtazamo huu hauanzii kwenye mkono wa mgonjwa. Mwanafunzi huanza kwa visa vya kuandikwa: mtoto huyu apewe dripu au ORS, na kwa nini? Hufuata hesabu, zikirudiwa mpaka zifanyike bila woga hata usiku wa manane. Kisha huja mkono wa bandia, ambao huvumilia makosa ambayo mgonjwa hapaswi kuyavumilia. Baada ya hapo mwanafunzi humtazama mwalimu, hufanya chini ya usimamizi wake, na mwishowe hufanya peke yake, mwalimu akiwa karibu.

Mtihani nao hubadilika. Orodha ya tathmini inayompa mtahiniwa alama zote kwa kupata mshipa hufundisha jambo moja tu. Orodha bora humpa alama kwa kumtambua mgonjwa kwa jina, kuuliza kuhusu mzio, kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi na kukagua kama maji yana ukungu au chembe, kutoa hewa kwenye mpira, kueleza mpango kwa mgonjwa, na kurudi kumtazama. Mtahiniwa anayesema "mgonjwa huyu hahitaji dripu" na kutoa sababu sahihi anastahili kufaulu bila kushika sindano.

Mipaka ya kazi nayo ni somo. Kila kada ina mambo inayoruhusiwa kuyafanya kwa sheria na miongozo ya mabaraza ya taaluma, na nchi hutofautiana. Katika jimbo la California nchini Marekani, kwa mfano, wasaidizi wa kitabibu hawaruhusiwi kuanzisha wala kukata dripu. Katika mazingira ya vijijini Afrika Mashariki, katazo kama hilo lingewaacha wagonjwa wengi bila msaada. Ruhusa hiyo ina deni lake: anayepewa kazi apewe pia mafunzo, usimamizi, vifaa, na namba ya simu ya mtu wa kumwuliza. Kumpigia simu tabibu mwandamizi saa nane za usiku si dalili ya udhaifu. Walimu wanaolifundisha hilo kwa maneno wanapaswa pia kuipokea simu.

Ujuzi huchakaa usipotumika. Mtumishi anayepokea mtoto mwenye mshtuko mara mbili kwa mwaka hawezi kutegemea alichojifunza chuoni miaka mitano iliyopita. Zoezi fupi la kituoni kila mwezi, la nusu saa, kwa chupa iliyopita muda wake na mpira mmoja, laweza kufaa kuliko semina ya siku tatu inayofanyika mjini mara moja na kusahaulika.

Mgonjwa na ndugu zake

Mgonjwa hayuko nje ya mafunzo haya. Ndugu anayekaa kando ya kitanda huona mabadiliko kabla ya mtu mwingine yeyote, mradi ameelezwa cha kutazama. Mtumishi amwambie kwa lugha nyepesi: maji haya ni ya kazi gani, yataisha saa ngapi, na mambo gani yakitokea aite mara moja. Mambo hayo ni maumivu au uvimbe mahali pa sindano, baridi kali na kutetemeka, kuhema kwa shida, kuwashwa mwili, damu kurudi kwenye mpira, au chupa kwisha. Amwambie pia asigeuze kigurudumu cha kasi, hata kama chupa inakwenda taratibu na giza linaingia. Wengi wamefanya hivyo kwa nia njema, wakitaka mgonjwa wao amalize mapema arudi nyumbani.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza bila kuonekana mkorofi. Kwa nini naandikiwa dripu? Je, naweza kunywa badala yake? Umenawa mikono? Kanula hii itatolewa lini? Tabibu aliyefunzwa vizuri huyapokea maswali hayo kama msaada, kwa kuwa ndiyo yale yale aliyopaswa kujiuliza mwenyewe.

Na siku atakapokuja mtu aliyechoka, anayeweza kula na kunywa, akaomba atundikiwe maji, mtumishi atakuwa na kazi ngumu kuliko kutafuta mshipa. Itambidi akae naye dakika kumi, ampime, amsikilize, atafute kinachomchosha, huenda ni upungufu wa damu, kisukari, ujauzito au huzuni, kisha amweleze kwa heshima kwa nini chupa haitamsaidia. Kutundika chupa huchukua muda mfupi zaidi, na katika baadhi ya maduka ya dawa na zahanati huingiza fedha zaidi. Ni katika dakika kumi hizo, ambapo hakuna sindano iliyotumika, ndipo usalama wa tiba ya mishipani huanzia.